Debe Lililomwagwa

Kila siku, kabla jua halijachomoza, Sikuzani aliamshwa na bibi yake kwa kugongwa nyayo kwa fimbo.

"Amka, mama. Kisima hakimngoji mwenye usingizi."

Sikuzani alijitanda kanga, akachukua debe, kamba na kata, akamfuata bibi akipiga miayo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la tano. Kazi yake ya kwanza kabla ya shule ilikuwa kulinda kisima. Kuchota kulichukua muda mfupi tu. Kulinda ndiko kulikokuwa kazi yenyewe.

Kijiji chao, Kisangule, kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Fukayosi. Hadi mwaka 1974 kilikuwa na kaya thelathini na mbili. Nyuma ya kisima palikuwa na kilima chenye msitu mnene wa mivule na mikwaju, msitu ambao watoto waliogopa kuuingia hata mchana. Kisha malori yakaanza kuja. Watu wa vitongoji vya mbali, wengine kutoka upande wa Vigwaza, walitakiwa wakae pamoja ili wapate shule na zahanati. Walishushwa na vitanda vyao, vinu vyao na kuku wao waliofungwa miguu. Mwaka haujaisha, kaya zikafika mia mbili na sitini. Shule ilijengwa kweli. Zahanati iliahidiwa. Kisima kilibaki kimoja.

Kila nyumba mpya ilitaka nguzo, fito na kuni za kupikia. Watu wakauingia msitu kwa mapanga, wakaanza kuukata kutoka chini kwenda juu. Wenyeji nao hawakubaki nyuma. Husseni, baba yake Sikuzani, alichoma mkaa kilimani na kuupeleka Bagamoyo kwa baiskeli, magunia mawili mawili. Viwanja vilikuwa vimebanana, na wachache tu walichimba vyoo. Waliobaki walijisitiri vichakani, kwenye mteremko wa kwenda bondeni. Vichaka vilipokwisha, watu waliendelea kwenda pale pale, wakigeuziana migongo.

Kiangazi cha mwaka 1975 kilipoanza, maji yalipungua. Hapo bibi yake Sikuzani, Bi Chausiku, akatoa amri. Kisima kile kilichimbwa na marehemu mumewe, na hakuna aliyethubutu kubishana naye.

"Wenyeji watachota kwanza," alisema. "Wakuja watachota baada ya saa mbili."

Baada ya saa mbili kisimani kulikuwa na matope tu. Wakuja walikaa kwenye foleni ndefu, wakayangoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kata, nusu maji nusu udongo. Waliokosa walipiga maguu hadi mto wa mbali. Bwawa la bondeni lilikuwa karibu, lakini lilikuwa la mbuzi, na wazazi walikuwa wamewakataza watoto wao wasilikaribie.

Mmoja wa hao wakuja alikuwa Ashatu, msichana mwembamba aliyekaa dawati moja na Sikuzani. Alikuja shuleni midomo imemkauka, lakini kwa hesabu hakuwa na mpinzani.

Siku moja mwalimu wao, Mwalimu Ausi, kijana wa Bagamoyo mjini, aliandika hesabu ubaoni.

"Jumamosi nilikaa kisimani kutwa nzima nikihesabu," alisema. "Kisima chetu kinatoa madebe mia mbili kwa siku. Kijiji kina kaya mia mbili na sitini. Kila kaya ikitaka madebe matatu, yatapungua mangapi?"

Ashatu alinyosha mkono kabla wengine hawajashika kalamu. "Mia tano na themanini, mwalimu."

"Vizuri sana. Haya, tufanyeje?"

Sikuzani akanyosha mkono. "Wakuja warudi walikotoka, mwalimu. Hesabu itatimia."

Darasa zima likaangua kicheko. Hata baadhi ya watoto wa wakuja walicheka, wasije wakatambulikana. Mwalimu Ausi alisema, "Kaa chini, mtoto wewe," lakini yeye mwenyewe aliuma midomo kuzuia kicheko, na Ashatu alimwona. Mwalimu akataka kuendelea kueleza, kengele ikalia, watoto wakatoka mbio. Hesabu ile ikafutwa na mwanafunzi wa zamu.

*

Wiki ya pili ya mwezi wa Septemba ikanyesha mvua moja ya ghafla, isiyo ya majira. Ilinyesha saa moja tu. Maji hayakuingia ardhini, kwa kuwa mteremko ulikuwa umebaki mtupu. Yaliporomoka na kila kilichokuwa juu yake, yakaishia bwawani.

Asubuhi ya pili baada ya mvua hiyo, Sikuzani alikuwa kisimani na wasichana wawili wenyeji. Bi Chausiku alikuwa ameingia ndani kuswali. Mara Ashatu akatokea, debe mkononi, na mdogo wake, Msabaha, mtoto wa miaka miwili, amembeba mgongoni.

"Hamjambo?" alisema Ashatu kwa sauti ya chini. "Sikuzani, naomba nusu debe tu. Mtoto ana homa tangu jana, na nyumbani hamna hata tone. Mama ametoka alfajiri kwenda kutafuta kuni."

Sikuzani aliwatazama wenzake. Wenzake walikuwa wakimtazama yeye. Kama wasingekuwapo, labda angesema, chota upesi uende. Lakini walikuwapo.

"Chota," alisema.

Ashatu hakuamini. Alishusha kamba haraka haraka, akavuta, akamimina, mpaka debe likafika nusu. "Ahsante, ndugu yangu," alisema. Akainama alitie kichwani. Hapo Sikuzani akanyosha mguu, akalisukuma debe.

Maji yakatambaa juu ya vumbi, yakanywewa na ardhi kabla hayajafika mbali. Msabaha, mgongoni kwa dada yake, alinyosha kijimkono kuyaelekea, akaanza kulia.

"Hujaambiwa saa mbili?" alisema Sikuzani. Wenzake walikuwa wanacheka, na kicheko kile kilimpa kiburi. "Kama una kiu sana, bondeni kuna bwawa. Nenda ukanywe na mbuzi."

Ashatu aliliokota debe lake, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akashika njia ya bondeni.

*

Siku ya pili yake, adhuhuri, Msabaha akaanza kuhara. Jioni macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipolia hakutoa machozi. Baba yake, Rajabu, akamfunga mgongoni kwa kanga ya mama yake, akapanda baiskeli, akaenda akikanyaga kama mwendawazimu mpaka zahanati iliyokuwa karibu kuliko zote. Alipofika alimfungua mtoto, akamlaza mezani. Muuguzi alimtazama mara moja, akamfunika uso.

Rajabu alirudi usiku ule ule akiwa amembeba mwanawe vile vile, mgongoni.

Walipokwisha kumzika, Rajabu alimwita Ashatu mbele ya nyumba, watu wote wakitazama. Alikuwa na fimbo.

"Maji uliyomnywesha mtoto uliyatoa wapi?"

"Bwawani, baba."

"Sikukukataza bwawa mimi? Sikukukataza?"

Akampiga. Alimpiga mpaka wanaume wawili walipomshika mikono. Ashatu, akilia, alisema, "Nilikwenda kisimani, baba. Sikuzani alimwaga maji yangu. Yeye ndiye aliyeniambia niende bwawani."

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinyijuma, akaagiza Sikuzani aletwe. Alikuja na bibi yake, mkono kwa mkono.

"Mjukuu wangu, sema kweli," alisema mwenyekiti. "Siku ile ulimwona huyu kisimani?"

Sikuzani alimtazama Ashatu. Mgongo wa gauni lake ulikuwa umelowa damu. Aliiona pia ile fimbo chini.

"Sikumwona," alisema.

"Mjukuu wangu hasemi uongo," alisema Bi Chausiku. "Huyu ameua nduguye, sasa anatafuta wa kumtwisha."

Wale wasichana wawili walioona kila kitu walikuwa pale pale. Walitazama vidole vya miguu yao.

Tangu siku hiyo watoto wakampa Ashatu jina: Muua-ndugu. Walimwita hivyo njiani, kwenye foleni na uwanjani. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa naye, akabaki peke yake dawatini. Sikuzani hakulianzisha jina hilo, lakini alilitumia. Kila alipolitamka alihisi kwamba uongo wake unazidi kufanana na ukweli.

*

Mwezi wa Oktoba kilima kilikuwa kipara. Palipokuwa na msitu palibaki visiki na matanuri ya mkaa yaliyozimika. Asubuhi moja Sikuzani alishusha kamba kisimani, debe likagonga mahali pagumu. Akavuta. Debe lilikuwa na udongo mweusi, na chura mmoja.

Wazee walisoma dua, wakafukiza ubani. Kisima hakikutoa kitu. Mwalimu Ausi aliwaambia watu kwamba mizizi ya msitu ndiyo iliyokuwa ikiishika mvua kilimani na kuiachia kisimani kidogo kidogo. Sasa hakuna cha kuishika. "Na maji ya bwawani msinywe bila kuyachemsha," alisema. "Nawaomba sana."

Saa mbili za Bi Chausiku hazikuwa na maana tena. Mto ulikuwa mbali mno, na katazo la bwawa likavunjika: wenyeji na wakuja wote wakashika njia ya bondeni.

Sikuzani alipofika bwawani mara ya kwanza, alimkuta Ashatu amesimama kwenye matope mpaka magotini, anachota. Hapakuwa na mtu mwingine. Sikuzani akasita. Alidhani atatukanwa, na alikuwa tayari kutukanwa.

"Karibu," alisema Ashatu. "Chota. Hapa hafukuzwi mtu."

Akalitia debe lake kichwani, akaondoka.

Sikuzani alichota maji ya rangi ya chai ya maziwa, akayapeleka nyumbani. Mama yake, Dija, alikuwa shamba na wadogo watano wa Sikuzani. Bibi alikuwa barazani, kiu imemkaba. Mekoni hamkuwa na kuni hata ukuti mmoja. Kuni sasa zilitafutwa kule upande wa Makurunge, kwenda na kurudi ni siku nzima, na Sikuzani alikuwa amechoka.

Akachuja maji kwa kitambaa. Akayamimina katika bilauri. Yalionekana safi.

"Umeyachemsha?" aliuliza Bi Chausiku.

"Nimeyachemsha, bibi."

"Mbona ya baridi?"

"Nimeyapooza."

Bi Chausiku akanywa yote, akaomba mengine.

Alianza kuugua siku ya tatu. Yule mama mwenye sauti iliyowatisha wanaume akawa mwepesi kama kikapu, akawa anageuzwa kwenye mkeka kwa mkono mmoja. Sikuzani ndiye aliyemwosha na kumfulia, siku nne, usiku na mchana. Na siku ya nne bibi alifungua macho.

"Nipe maji ya kisima cha mume wangu," alisema.

"Kimekauka, bibi."

"Nani amekikausha?"

Husseni alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake myeusi kwa mkaa mpaka kwenye viwiko. Alitoka nje, akakaa chini ya ukuta, kichwa katikati ya magoti. Mpaka anarudi ndani, mama yake alikuwa amekwisha kufa.

Katika wiki tatu Kisangule ilizika watu tisa. Sita walikuwa watoto. Wenyeji walikuwa wanne, wakuja watano. Makaburi yalichimbwa pamoja, kwa sababu wachimbaji walikuwa wamechoka kutembea.

*

Habari zikafika Bagamoyo. Akaja Bwana Afya, jina lake Kibwana, na mapipa ya dawa ya maji na masanduku ya dawa za wagonjwa. Baada ya kuwatibu waliokuwa hai, aliwaita shuleni watu wazima na wanafunzi wa madarasa ya juu.

"Sikuja kumtafuta mchawi," alisema. "Nataka kujua habari za maji. Nani aliugua kwanza?"

"Mtoto wa Rajabu," alijibu mtu. "Dada yake alimnywesha maji ya bwawa."

Vichwa vyote vikamgeukia Ashatu. Alikuwa amesimama kwenye kona karibu na mama yake, Mize. Hakuinamisha uso. Alikuwa ameshazoea.

Sikuzani alimkumbuka bibi akiomba maji mengine, akimwamini. Kabla hajajua anachokifanya, alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Mimi ndiye," alisema.

"Wewe ndiye nini, binti?" aliuliza Bwana Kibwana.

"Alikuja kisimani akaomba nusu debe. Nikamwacha achote, kisha nikayamwaga kwa mguu. Nikamwambia akanywe na mbuzi. Nilipoulizwa nikasema sikumwona. Niliogopa fimbo." Sauti ilimkatika, akailazimisha. "Na bibi yangu nilimwambia maji nimeyachemsha. Sikuyachemsha. Kuni zilikuwa mbali."

Dija, mama yake, alijifunika uso kwa kanga. Rajabu alikuwa amekaa mbele. Aliitazama mikono yake mwenyewe, kiganja na mgongo wa kiganja. Kisha akainuka, akapita katikati ya watu, akatoka nje. Alisikika akilia nyuma ya darasa, kilio cha mtu mzima, na hakuna aliyekwenda kumbembeleza.

Bwana Kibwana alingoja kilio kile kitulie.

"Binti huyu ametenda vibaya, naye amesema," alisema. "Sasa semeni na nyinyi. Nani amekata msitu wa juu ya kisima?"

Husseni alinyosha mkono. Akafuata wa pili. Mwishowe mikono iliyonyoshwa ilikuwa mingi kuliko iliyobaki chini, ya wenyeji na ya wakuja.

"Nani hana choo?"

Mikono ikanyoshwa tena.

"Mahali hapa palikuwa panaweza kulisha na kunywesha kaya hamsini, labda sitini," alisema Bwana Kibwana. "Mko mia mbili na sitini, na kila mwaka mnazaliwa wengine. Mmekula msitu, mkanywa kisima, mkajisaidia juu ya maji mnayokunywa. Dawa niliyoleta itasafisha bwawa kwa siku chache tu. Mkibaki hivi, masika nitakuja tena, na nitakuja na sanda."

Mkutano ule haukuisha siku ile. Ulichukua siku tatu, kwa ugomvi na matusi, lakini ukafika mahali. Ilikubaliwa kaya mia mbili ziende kwenye sehemu tatu mpya, ambako Bwana Kibwana na wazee walipima maji kwanza ndipo wakapima viwanja. Kila nyumba ilitakiwa kuchimba choo kabla ya kuezeka paa. Kilima kikafungwa: hakuna panga, hakuna mkaa, hakuna mbuzi. Husseni aliacha biashara yake. Alipewa kazi ya kupanda miche kilimani na kuimwagilia kwa maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka mtoni. Ilichukua masika mawili kabla kisima hakijaonyesha maji tena, nayo yalikuwa machache.

*

Siku moja baada ya mkutano, Sikuzani alikwenda kwa Rajabu. Mize alikuwa uani anafunga vyombo, kwa sababu walikuwa miongoni mwa watakaohama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Sikuzani alipiga magoti. "Nimekuja kuomba radhi."

Mize aliendelea kufunga sufuria kwa kamba ya ukindu. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake siku hiyo ulimtisha Sikuzani kuliko ukali wa bibi yake.

"Watu wazima walikusikia shuleni," alisema Mize. "Watoto wadogo hawakuwapo. Jana tu mwanangu ameitwa lile jina akiwa njiani. Nenda kwa kila mtoto anayelitumia, nyumba kwa nyumba. Umwambie ulichofanya, kwa kinywa chako. Ukimaliza, ndipo uje tuzungumze radhi."

Ilimchukua siku nane. Alisimama mbele ya nyumba za wenyeji na za wakuja, akaeleza, akaeleza tena. Wengine walimsikiliza. Wengine walimtemea mate. Wale wasichana wawili waliokuwa kisimani walimfungia mlango. Mtoto mmoja wa miaka sita alimwuliza, "Kwa hiyo Muua-ndugu ni wewe?" Sikuzani alisema, "Ndiyo, ni mimi," kisha akaenda nyumba ya pili.

Siku ya tisa aliwakuta Mize na Ashatu tayari kwa safari. Rajabu alikuwa ametangulia na baiskeli na kitanda. Mize alimwonyesha Sikuzani furushi la vyombo. Sikuzani akalitia kichwani bila kuuliza, wakaenda, Ashatu mbele, wao wawili nyuma.

Njiani Mize akasema.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini nisikilize, kwa maana bado u mtoto, na utakuja kuwa na watoto wako. Mlikuwa mkisema sisi tumezidi. Ni kweli, watu tulikuwa wengi kuliko maji, na msitu haukutosha. Siwezi kulikana hilo, nililiona kwa macho. Lakini Msabaha alikuwa akinywa kata moja kwa siku. Yeye ndiye aliyezidi?"

"Hapana, mama."

"Watu wakiwa wengi mahali pamoja, kuna njia mbili. Kukaa chini, mkahesabu mlichonacho, mkagawana, mkaacha mti usimame na mkazaa kwa kadiri mnavyoweza kulea. Au kufukuzana. Nyinyi mlichagua kufukuzana, na sisi tungekuwa na nguvu labda tungefanya vivyo hivyo. Nao uongo ndio uliotupofusha kabisa. Ungesema kweli siku ile, watu wangeacha kumsema Ashatu, wakalitazama bwawa lenyewe, na maji yale yasingemfika bibi yako. Kweli ingekuuma siku moja. Uongo umezika watu."

Sikuzani alilia akitembea, mikono juu, ameshika furushi, hakuweza kujifuta machozi.

Walipofika kwenye kiwanja kipya, palikuwa na vitu viwili tu: nguzo nne na shimo la choo. Ashatu alikuwa amesimama kivulini akipangusa jasho. Sikuzani akasimama mbele yake na mzigo wake kichwani. Alikuwa ametayarisha maneno mengi kwa siku nane, na yote yalimpotea.

"Ashatu," alisema, "nimekosa."

Ashatu alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Kisha akaonyesha kwa kidole mahali pakavu karibu na nguzo.

"Weka hapo," alisema.

Sikuzani akaweka.